Funga Shimo Kwanza

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, majogoo wawili na maneno mengi mazuri, kisha msimamizi wenu akaniomba niandike machache kwa ajili ya wachorongaji wanaokuja. Machache siyawezi. Mtu aliyechunga ng'ombe Didia, akachoronga mwamba upande wa Geita, akasoma mpaka stashahada, kisha akaenda kuchoronga barafu kule chini kabisa ya dunia, hana machache. Katika shule yetu ya msingi kulikuwa na ramani ya dunia ukutani, na sehemu ile ya chini panya walikuwa wameshaila. Mimi nimefanya kazi palepale walipokula panya. Mwingine wa Didia aliyefika huko ajitokeze tuzungumze.

Vyeo sitavitaja, ingawa vilikuwepo. Nitasema kazi, na nitasema namna ya kuondoka kazini, maana hilo ndilo hamfundishwi.

Nilianza kama mbeba mabomba kwenye mtambo wa kuchoronga. Siku ya kwanza nilivaa viatu vyangu vya kanisani kwa sababu niliambiwa naenda kufanya kazi kwenye kampuni. Msimamizi aliniangalia kuanzia chini kwenda juu, akasema, "Wewe bwana harusi, shika huku." Nikashika bomba lililokuwa limetoka shimoni, la moto, na ngozi ya kiganja ikabaki palepale. Jioni viatu vilikuwa tope, kiganja kilikuwa kimefungwa kitambaa, na nilikuwa nimeshajua kwamba kazi hii nitaiweza kuliko wote waliokuwa wananicheka. Na niliiweza.

Minza nilimpata kwenye mtambo huohuo. Alikuwa anakuja na mama yake kutuuzia viazi vitamu na maziwa mgando. Nilimwona mara kadhaa kabla sijapata ujasiri, na nilipoupata nikajitia kusimama karibu na mtambo ili aone kwamba mimi si wa kufagia.

"Kaka, unafanya kazi gani pale?" akauliza.

"Nachimba mashimo. Marefu kuliko kisima chochote ulichowahi kuona."

"Na anayeyafunga ni nani?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Baadaye mama yake ndiye aliyenieleza. Minza alikuwa na mdogo wake, Limbu, aliyefuata ndama porini baada ya mvua. Wachimbaji wadogo walikuwa wamechimba duara pale, shimo la kushuka moja kwa moja kutafuta dhahabu, wakaona halina kitu, wakahama bila hata kulizungushia miiba. Nyasi zikaota pembeni, zikalala juu yake. Limbu aliingia bila kupiga kelele. Aliyepiga kelele ni ndama.

Kwa hiyo niliporudi kumwomba anikubali, sikupeleka maneno ya mapenzi. Nilimchukua tukaenda kwenye shimo tulilomaliza wiki ile. Nikamwonyesha tulivyoliziba, tukamwaga zege juu, na nilivyoandika kwa msumari kwenye zege bichi jina la shimo na kina chake. Alikanyaga lile zege kwa kisigino. Akakanyaga tena. Akasema, "Haya, njoo nyumbani uongee na kaka."

Kaka yake ni Nkwabi. Mtamkuta tena mbele.

Mwalimu wangu wa kweli alikuwa mzungu mmoja mzee aliyeitwa Einar, aliyeletwa kutufundisha mtambo mpya. Alitoka nchi ya theluji, na mkono wake wa kushoto ulikosa vidole viwili vilivyokufa kwa baridi. Kiswahili chake kilikuwa maneno matatu: "polepole", "bado" na "chai", na kwa hayo matatu aliendesha kambi nzima. Alikuwa anaweka kiganja kwenye bomba linalozunguka kama mkunga anavyopapasa tumbo, kisha anasema, "Bado." Tukisubiri, jiwe linabadilika. Tusiposubiri, bomba linanasa. Nilimfuata kama ndama. Alipoondoka aliniachia glavu zake na anwani, akaniambia nisome kwanza ndipo nimwandikie.

Nikasoma. Stashahada hiyo ya ufundi mitambo iko sebuleni, juu ya televisheni, ili mgeni asipate taabu kuiona. Nikamwandikia, na baada ya muda mrefu wa viza, sindano na kupimwa meno yote, nikapanda ndege iliyofungwa vibao vya kuteleza mahali pa magurudumu, nikashuka kwenye weupe usio na mwisho.

Siku ile ya kwanza sitaisahau. Vinyweleo vya puani viliganda kwa pumzi moja. Niliangalia pande zote nikatafuta kitu cha kuangalia: mti, jiwe, mbuzi, hakuna. Machozi yakanitoka, siyo ya huzuni, ya ukubwa tu wa mahali, yakagandia kwenye kope. Einar alinifuta kwa kidole gumba akasema kwa Kiingereza, "Huku hatulii nje, Jilala. Tunalia jikoni." Jikoni palikuwa hema moja kubwa lenye jiko, mahali pekee ambapo mtu alivua kofia.

Kazi yetu ilikuwa kuchoronga barafu na kutoa miche mirefu ya mviringo, kama mche wa sabuni lakini mnene kama paja. Theluji ya kila mwaka imelala juu ya mwenzake, ikabanana, na ndani yake kuna viputo vya hewa ya zamani kabla babu wa babu hajazaliwa. Wanasayansi walikuwa wanaikata na kuipima. Mimi nilikuwa naitoa bila kuivunja, na nasema wazi: miche yangu haikuvunjika. Waulizeni.

Kila mwaka niliondoka baada ya kupanda mahindi na kurudi wakati wa palizi. Minza alilima, akalea mapacha wetu Kulwa na Doto, na akanisema.

"Baba Kulwa, hivi kweli unapanda ndege kufuata barafu? Kahama pale inauzwa kwenye mifuko."

"Hiyo ni ya juzi. Yangu ina miaka elfu na elfu."

"Imeshaharibika hiyo. Na mbona hujawahi kuniletea hata kipande cha kuweka kwenye maji ya kunywa?"

"Itayeyuka njiani, mama."

"Basi niletee maji yake. Mimi sina makuu."

Nilikuwa namweleza kwamba barafu ile ni ya utafiti, haichezewi. Nilikuwa napenda kumweleza. Yeye alikuwa anasikiliza huku anapepeta mchele, na nikimaliza anauliza, "Kwa hiyo hata maji hakuna?"

Sasa niwafundishe kufunga kambi. Kufungua kambi ni furaha, kila mtu anabeba. Kufunga ndiko kunakomtambulisha mfanyakazi. Msimu ukikaribia mwisho, miche ndiyo husafiri kwanza, kwa sababu yenyewe haivumilii joto na sisi tunavumilia baridi. Kisha injini zinamwagwa maji na mafuta. Mapipa yanapangwa juu ya kichuguu cha theluji ili msimu ujao yasitafutwe kwa koleo. Taka zote zinapakiwa, na nikisema zote nina maana zote, hata za chooni, zilizoganda kwenye mapipa yenye lebo. Nimepanda ndege na mapipa hayo miguuni, mimi mwenye stashahada. Mahema yanaangushwa moja moja, na la mwisho ni jikoni.

Lakini kazi ya mchorongaji ni handaki. Mtambo wa barafu unasimama juu ya handaki refu tulilolikata kwenye theluji, kina chake kinampita mtu, ili chombo cha kuchorongea kipate nafasi ya kulala na kusimama. Usipolijaza, upepo unaleta theluji, theluji inajenga kipaa chembamba juu ya mbao zilizolifunika, na baada ya mwezi mmoja huoni kitu. Pamefanana na kwingine kote. Atakayekuja msimu ujao na trekta, au kwa miguu akitafuta mapipa, atapita hapo. Mnaelewa sasa kwa nini kila mwaka nilijaza handaki kwa mkono wangu, nikalishindilia, nikapanda mianzi yenye bendera pande zote nne. Einar alidhani ni bidii. Sikumwambia habari za Limbu mpaka mwaka wa mwisho.

Mwaka huo Minza hakutaka niende. Hakusema usiende, alisema, "Huyu Einar wako hajachoka?" Einar alikuwa amechoka kweli. Ulikuwa msimu wake wa kufunga kazi na wangu pia, nilikuwa nimeshaamua nirudi Kahama niwafundishe ninyi. Nilimwambia Minza ni huu tu. Akanifungia karanga za kukaanga kwenye mkoba akasema, "Na maji yangu."

Tulikuwa na simu ya setilaiti, na kila mtu alikuwa na zamu yake. Tulipoanza kufunga kambi nikapiga nyumbani. Sauti ya Minza ilikuwa nyembamba.

"Unaumwa?"

"Ni mtandao wenu huo. Mmeamkaje?"

"Huku hatuamki, jua halizami."

"Maskini. Na kuku wanajuaje kulala?"

"Hakuna kuku, mama Kulwa."

"Mahali hapana kuku, na wewe umeenda mara zote hizo!" Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikwisha. Simu ikachukuliwa. Alikuwa Kulwa.

"Baba, shikamoo. Baba, mama hajala tangu juzi. Tulimpeleka hospitali, wakasema..." Nikasikia purukushani, na Minza akarudi hewani, anahema. "Huyu mtoto ana maneno. Kifua tu."

Niliingia jikoni nikakaa. Kiongozi wa kambi alikuwa mama mmoja mwanasayansi, Ingrid, mtu wa haki. Hakuniuliza mengi. Alisema ndege ya kwanza inakuja kuchukua miche, na kwamba yuko tayari kuacha baadhi ya masanduku ili nipate kiti. Masanduku aliyoyahangaikia msimu mzima. Nikamshukuru. Kisha nikatazama nje kwenye handaki, bado liko wazi, mnara wa mtambo umesimama, na Einar ameinama juu ya koleo, mgongo umekataa kunyooka. Wengine walikuwa watu wa vipimo na kompyuta. Walikuwa na nia, koleo halikuwajua.

Nikapiga tena nyumbani. Nilitaka kumwambia nakuja.

"Nimepata nafasi kwenye ndege ya kwanza," nikasema.

"Shimo umefunga?"

"Bado. Einar atajaribu."

"Einar yule wa mgongo?"

Nikageuka kulitazama handaki.

"Baba Kulwa. Mwakani watakuja watu hapo?"

"Watakuja. Sio sisi, wengine."

"Wana mama zao?"

"Wanao."

"Basi funga shimo kwanza. Mimi nipo, naenda wapi?"

Nimelirudia neno hilo moyoni kuliko sala. Mimi nipo, naenda wapi. Alikuwa anajua. Nkwabi aliniambia baadaye kwamba daktari alikuwa ameshawaambia waziwazi, na Minza akawakataza wote kunieleza, akawaapisha Kulwa na Doto kwa jina la Limbu. Wapo wanaoniuliza: ungejua ungebaki? Ninyi vijana mliniuliza hivyo hivyo kwenye chai, mkajifanya mnauliza habari za barafu. Jibu ni kwamba ningepanda ile ndege na kuacha handaki wazi, na yeye alilijua hilo kuliko mimi. Ndiyo maana hakusema.

Ndege ya kwanza ikaondoka na miche yote. Tukashusha mnara. Nikajaza handaki tabaka kwa tabaka, nikishindilia kila tabaka kwa miguu, Ingrid na wenzake wakikata theluji kwa misumeno na kuniburutia. Einar alikalia pipa na kusema, "Polepole," na mimi kwa mara ya kwanza sikumsikiliza. Tulipomaliza nilipanda mianzi. Mianzi ni ya nchi za joto, haioti huko, na kila niliposimika mmoja niliona ni kama mgeni mwingine aliyeletwa kusimama peke yake. Nikatembea juu ya handaki lililojaa nikakanyaga kwa kisigino. Nikakanyaga tena.

Ndege ya kututoa sisi ilikuwa ije baada ya hapo. Upepo ukaja badala yake. Kutoka mlangoni mwa hema hatukuona hata mianzi. Mahema mengine yalikuwa yameshaangushwa, tukabaki jikoni wote, na hapo simu ikalia. Haikuwa zamu ya mtu.

"Shemeji," sauti ya Nkwabi ikasema. "Uko na watu hapo?"

Mtu wa kwetu akiulizwa hivyo habari ameshaipata, kinachobaki ni kuisikia. Nikasema nipo na watu. Akasema, "Dada ametuacha alfajiri." Kisha akasema kwamba joto ni kali, na kwamba hawawezi kunisubiri. Nikamwambia wasinisubiri. Nilisema kwa sauti ya mtu anayetoa maagizo ya kazi, nikakata simu, nikaikunja antena vizuri nikairudisha kwenye sanduku lake.

Mnajua mimi napenda kusimulia. Miaka ya nyuma nilikuwa nimewasimulia pale pale jikoni jinsi kwetu msiba usivyoachiwa mtu mmoja, jinsi majirani wanavyoleta mikeka na kulala chini na mfiwa, na hakuna anayelala kitandani mpaka marehemu azikwe. Nilisimulia kwa majivuno, kuwaonyesha kwamba sisi ni watu kuliko wao. Nilidhani walikuwa wanakula tu.

Ingrid ndiye aliyesimama kwanza. Akavikunja vile vitanda vya turubai, kimoja baada ya kingine, akavisukuma pembeni. Wakatandika magodoro yao sakafuni kunizunguka. Einar alijishusha chini taratibu, mgongo ukilia, akalala ubavu kwa ubavu na mimi kama kaka wa tumbo moja, na mkono wake wa vidole vitatu akauweka begani kwangu. "Chai?" akaniuliza. Nikasema bado. Nililia humo jikoni, mahali panaporuhusiwa.

Upepo ulipotulia ndege ikaja. Kabla ya kuangusha hema la mwisho Einar alinipa chupa ya chai, ile ya kutunza joto. Ndani alikuwa ameweka vipande vya barafu vilivyobaki wakati wa kukata miche, visivyo na kazi kwa sayansi. Nilikuwa nimemwambia habari za Limbu, na habari za maji pia. Tuliagana uwanja wa ndege, yeye upande wake na mimi wangu. Hatukuonana tena. Aliandika mara mbili, kisha akaandika mwanawe.

Nilifika Kahama nikapanda basi. Watu walishuka Buzwagi na mifuko ya mchele na vifaranga, kila mtu na habari zake, na hakuna aliyejua mtu aliyekaa dirishani ametoka wapi. Kwa mara ya kwanza maishani sikumwambia mtu.

Didia walikuwa wananingoja barabarani. Kulwa na Doto waliniangukia kifuani. Nkwabi alinishika mkono hakuuachia mpaka nyuma ya nyumba, penye kaburi. Lilikuwa tuta la udongo, wamelizungushia matawi ya miiba ili mbuzi wasipande.

"Mbona hamkujengea?" nikauliza. "Saruji si niliwatumia pesa nikiwa njiani?"

"Ipo ndani, shemeji. Mchanga ule pale, kokoto zile. Fundi alikuja tukamrudisha."

"Kwa nini?"

Nkwabi alitazama miguu yake. "Dada alisema asifunge mtu mwingine. Alisema yule wa mashimo yupo njiani."

Nilivua koti. Wazee walisema nipumzike kwanza, nile, nipewe pole. Nikasema nitapewa pole baada ya kazi. Niliondoa miiba, nikasawazisha udongo, nikazikanyaga kingo zote. Nkwabi alichanganya kokoto na saruji, mimi nikashika koleo. Doto alienda kisimani kuleta ndoo ya maji. Alipochelewa nikafungua mkoba wangu nikatoa ile chupa. Barafu yote ilikuwa imeyeyuka, kama nilivyomwambia kila mwaka kwamba itayeyuka. Nikaitikisa, nikasikia inavyocheza, nikaifungua na kuyamimina yote katikati ya saruji, polepole, mpaka tone la mwisho.

"Baba," Kulwa akauliza, "hayo maji ya wapi?"

"Ya mama yako," nikamwambia. "Aliagiza."